NANI AWEZA KUUFUNGA MFUKO?

Mwezi Aprili 2023 mtandao wa Twitter, ambao miezi michache kabla ulikuwa umenunuliwa na tajiri Elon Musk, uliibandika BBC ya Uingereza alama ya kuitangaza kuwa ni chombo kinacholipiwa na serikali. Redio ya umma ya Marekani, NPR, ilikuwa imekwisha kubandikwa alama ya namna hiyo, nayo ikaususa mtandao huo. BBC ikapinga, ikisema fedha zake hazitoki serikalini bali kwa wananchi wa Uingereza wanaolipa ada ya leseni ya televisheni. Alama ikabadilishwa maneno, kisha ikaondolewa kabisa kabla mwezi haujaisha.

Wengi waliona jambo hilo limekwisha. Sisi twaona halikujadiliwa hata kidogo. Kwani pande zote mbili zilishika dhana moja, kwamba ukishajua fedha zimetoka wapi umekwisha kujua sauti ni ya nani. Historia ya BBC yenyewe yaonyesha vingine, na wafanyakazi yawapasa kuikumbuka historia hiyo kuliko watu wote.

Mwezi Mei 1926 vyama vya wafanyakazi vya Uingereza viliitisha mgomo mkuu kuwaunga mkono wachimba makaa ya mawe, waliokuwa wakilazimishwa kupokea mshahara mdogo na kufanya kazi saa nyingi zaidi. Wapiga chapa nao waligoma, magazeti mengi yakakosekana, na kwa siku tisa taifa zima likategemea redio. Wakati huo BBC iliishi kwa leseni za shilingi kumi za wasikilizaji. Winston Churchill alitaka serikali iitwae kwa nguvu. Baraza la Mawaziri likaona hakuna haja. Na kweli haja haikuwapo. Ramsay MacDonald, kiongozi wa chama cha Labour, alinyimwa nafasi ya kusema na wananchi. Hata Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyetaka kusoma mwito wa suluhu, alizuiwa mpaka siku zilipopita. Mkuu wa BBC, John Reith, aliandika katika shajara yake kwamba serikali ilijua yaweza kuwaamini, kuwa hawatakuwa watu wasiopendelea kweli kweli.

Kwa nini alikubali hivyo, na fedha zilikuwa za msikilizaji? Kwa sababu BBC ilikuwa bado kampuni, nayo ilikuwa ikingojea Hati ya Kifalme ya kuigeuza kuwa shirika la umma. Hati hiyo ilianza kazi tarehe 1 Januari 1927. Fedha zilikuwa za wasikilizaji, lakini uhai wa shirika ulikuwa mezani kwa mawaziri wale wale waliokuwa wakipigana na wafanyakazi.

Sasa tazama mwaka 1956. Idhaa za BBC za nchi za nje zililipiwa moja kwa moja na ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje. Waziri Mkuu Anthony Eden alipopeleka majeshi Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, alitaka ulimwengu usikie Uingereza yenye kauli moja. BBC ikasoma hewani maoni ya magazeti yaliyoipinga vita hiyo, na tarehe 4 Novemba Hugh Gaitskell, kiongozi wa upinzani, akapewa nafasi ya kumjibu Waziri Mkuu. Serikali ikatishia kupunguza ruzuku kwa pauni milioni moja, ikapeleka na ofisa wake kukaa katika jumba la idhaa hizo, Bush House. Idhaa hazikugeuka. Wakati huo huo, katika kisiwa cha Kupro, kulikuwa na kituo cha Kiarabu kiitwacho Sharq al-Adna, kilichokuwa chini ya serikali ya Uingereza. Kituo hicho hakikuwa na kinga yoyote. Kilitwaliwa na kugeuzwa Sauti ya Uingereza, na watumishi wake Waarabu wakakataa kukitumikia.

Mlipaji alikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa katika masharti: kwa BBC, wizara ilichagua lugha na idadi ya saa, lakini maneno ya kusema yalikuwa ya wahariri. Masharti hayo yalikwisha kuwa desturi, na watu walikuwa tayari kuyapigania.

Kutoka katika mfuko huo wa wizara ndiko ilikotoka idhaa ya Kiswahili, iliyoanza tarehe 27 Juni 1957. Serikali iliyokuwa bado ikitutawala haikutoa fedha hizo kwa kutupenda. Hata hivyo mamilioni ya watu, kutoka Unguja mpaka Bujumbura, walijifunza kuiamini saa hiyo ya habari. Kilichowapata baadaye hakikuwa amri ya kunyamaza. Oktoba 2010 serikali ya London ilipunguza ruzuku kwa asilimia 16, na katika mazungumzo ya siku chache tu ikaamua kuwa kuanzia 2014 gharama hizo zihamie kwenye ada ya leseni. Mwezi Machi 2011 matangazo ya Kiswahili ya masafa mafupi yakakoma. Msikilizaji wa kijijini mwenye redio ya betri hakuulizwa.

Wamarekani walijaribu kuzuia mambo ya namna hii kwa sheria. Baada ya Rais Nixon kukataa mwaka 1972 kutia sahihi mswada wa fedha za utangazaji wa umma, Bunge lao liliweka utaratibu wa kutoa fedha miaka miwili mbele, ili pasiwe na mtawala wa kulipiza kisasi kwa habari ya jana. Utaratibu huo ulidumu miaka 50. Mwezi Mei 2025 Rais Trump alitoa amri ya kukata fedha hizo akisema waziwazi kuwa vyombo hivyo vina upendeleo, na mwezi Julai Bunge likazirudisha hazinani dola bilioni 1.1 zilizokwisha kuidhinishwa. Walioumia zaidi ni vituo vidogo vya mashamba, ambavyo havina matajiri wa kuvichangia.

Na kwetu? Mwezi Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa TBC haitaonyesha tena vikao vya Bunge moja kwa moja mchana kutwa, kwa kuwa gharama zilifika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake kingekuwapo kipindi cha usiku kilichorekodiwa. Gharama ni jambo la haki kuulizia. Lakini aliyepima gharama ile ni waziri, na waliokuwa wakionekana kwenye kioo, wakimhoji waziri, ni wabunge.

Gazeti hili ni la chama, na kila anayelinunua ajua hivyo kabla ya kufungua ukurasa. Redio ya taifa haina ruhusa hiyo, kwa maana mkulima asiye na chama naye huilipia kwa kodi yake. Kwa hiyo hatuoni ubaya wa Serikali kuilipia. Bila fedha hizo ni nani atakayepeleka mtambo Kigoma au Lindi, pasipo na faida ya matangazo ya biashara? Tunalodai ni fedha hizo zikadiriwe kwa miaka mitano, kwa sheria, na zipitishwe mbali na msimu wa uchaguzi. Na asiwepo waziri wa kuzipunguza katikati, wala wa kumteua mkurugenzi peke yake. Hati ya BBC yenyewe yaisha tarehe 31 Desemba 2027, na mawaziri wa London wamekwisha anza kuijadili.