Jana Mzururaji, Leo Mjasiriamali

Yapo maneno yanayomsifu mtu ili asidai haki yake. Neno "mjasiriamali" limekuwa mojawapo. Limeundwa kwa ujasiri na mali, na humpa heshima kila anayeitwa hivyo. Hoja yangu ni kwamba heshima hiyo hutumika kuzificha nguvu zilizomsukuma mtu huyo barabarani.

Twende Dumila, wilayani Kilosa, pale njia ya kwenda Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Basi likisimama, kina mama na vijana hulikimbilia na nyanya na mboga. Huinua ndoo hadi dirishani, wakapatana bei huku dereva ameshaanza kuondoka. Huo, twaambiwa, ndio ujasiriamali. Lakini ni nani aliyewafikisha hapo?

Tuisome historia. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi. Mjini, mtu mwenye kikapu cha kuuza bila kibali aliweza kuhesabiwa mzururaji, akakamatwa na kupelekwa shamba. Mwaka 1986 Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yakafuata: ruzuku ya mbolea ikaondolewa hatua kwa hatua, ununuzi wa mazao ukaachiwa wafanyabiashara binafsi, mashirika ya umma yakabinafsishwa. Morogoro, mji uliojengewa viwanda vya viatu, ngozi na nguo, ukashuhudia milango ikifungwa. Desemba 2018 mwenye kikapu akauziwa kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000. Katika miaka 35 ameitwa mzururaji, kisha mjasiriamali. Kikapu ni kilekile, na katika majina yote mawili hakuulizwa anataka nini.

Mbali na sera, kuna maji. Januari 2014 mafuriko yaliivamia Dumila na Magole, yakabomoa nyumba na kukata barabara kuu. Aliyepoteza shamba katika hali ile hana nafasi ya kuandika mpango wa biashara; hutafuta cha kuuza ili watoto wale. Kumwita mtu huyo mbunifu wa fursa ni kumkejeli.

Najua nitajibiwa kwamba wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa nyanya. Wapo, na jasho lao nalistahi. Lakini wachache waliovuka mto hawathibitishi kwamba mto hauna mamba. Nyanya haina subira: isiponunuliwa leo, kesho inaoza. Dalali analijua hilo, ndiyo maana hupanga bei yeye. Mkulima wa mahindi naye hujaziwa lumbesa ilhali sheria ya vipimo inaikataza. Ujasiri wa muuzaji hauwezi kuziba pengo la ghala, la mizani na la bei.

Hata sisi wa vyuo vikuu hatukusalimika. Kila msimu wa mahafali nawasikia wageni rasmi wakiwahimiza wahitimu wajiajiri. Sijasikia wakieleza kwa mtaji upi, wala katika soko lipi. Ajira, iliyokuwa wajibu wa taifa zima, imegeuzwa kuwa mtihani wa tabia ya kijana mmoja mmoja: akikosa, ni mvivu, akifanikiwa, sera imefaulu.

Ndugu msomaji, sipingi biashara. Napinga kumsukuma mtu mtoni, kisha kusimama ukingoni kumpigia makofi kwa kuogelea. Wanaotaka kuwasifu watu wa Dumila waanze kwa kuwajengea hifadhi ya mazao yanayooza, kusimamia mizani, na kuwapa sehemu salama ya kuuzia isiyowalazimu kushindana mbio na magurudumu. Baada ya hapo, atakayebaki kando ya barabara kwa hiari yake tutamwita mjasiriamali, na neno hilo litakuwa na maana.