Wanafunzi wa Kenya na utoaji mimba: habari wanaipata wapi?

Mjadala wa utoaji mimba nchini Kenya umezoeleka kuonekana kama mvutano baina ya makanisa na watetezi wa haki za wanawake. Wanaosahaulika ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, ambao misimamo yao, kwa maoni yetu, inatokana zaidi na njia iliyowafikishia habari kuliko na sheria yenyewe.

Ikumbukwe kuwa kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa. Kifungu hicho hicho kinaruhusu mimba itolewe iwapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Wanaopinga humsomea mwanafunzi sehemu ya kwanza, wanaounga mkono humsomea ya pili. Ni wachache wanaomsomea yote.

Picha ina nguvu kupita maneno. Filamu ya Kimarekani The Silent Scream ya mwaka 1984, iliyotumia picha za mimba ya wiki 12, ndiyo iliyowafundisha wapinzani wa utoaji mimba duniani mbinu hiyo. Kijana aliyeiona haisahau upesi. Tatizo ni kwamba filamu haiulizwi swali. Je, msichana wa shule aliyebakwa afanye nini?

Swali hilo si la kufikirika. Juni 2019 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilitoa hukumu katika kesi iliyomhusu msichana aliyebakwa mwaka 2014, akatolewa mimba mahali pasipo salama, na akafariki mwaka 2018 kwa matatizo ya figo. Majaji walisema serikali ilivunja sheria kwa kuuondoa mwongozo wa mwaka 2012 wa kupunguza vifo vitokanavyo na utoaji mimba usio salama, na kwa kuzuia wahudumu wasifundishwe.

Yaani kwa miaka mitano hata muuguzi hakuwa na la kumjibu mwanafunzi. Mwaka 2018 likaja agizo la kuondoa redioni tangazo la shirika la Marie Stopes. Lakini vikaratasi vya madaktari bandia kwenye nguzo za umeme havikuondoka. Utafiti ulioihusisha Wizara ya Afya ulikadiria kuwa mwaka 2012 pekee mimba takribani 465,000 zilitolewa nchini humo, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa madhara yake. Waliokuwa wakisikiliza mahubiri na waliokuwa wakisoma vikaratasi, bila shaka, mara nyingine ni watu wale wale. Ndiyo maana jibu analotoa mwanafunzi mbele ya mwalimu si lazima liwe lile analomwambia rafiki yake kwa simu usiku.

Kwetu sisi wa ughaibuni jambo hili nalo limetuingilia nyumbani. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Roe dhidi ya Wade Juni 2022, kijana wa Kiswahili anayesoma Dallas anaishi chini ya marufuku, na binamu yake wa Minneapolis anaishi panaporuhusiwa. Wote wawili hutuma video katika kundi moja la WhatsApp la ukoo, na huko Kisumu au Mombasa zinapokelewa kana kwamba zinaeleza sheria ya Kenya.