Mapenzi ya sare za shule yanastahili filamu

Tangu 100 Days ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Nick Hughes na kutayarishwa na Eric Kabera, sinema kuhusu Rwanda imebeba hasa msiba wa mauaji ya kimbari ya 1994, na ilibidi iubebe. Lakini kijana wa Kimihurura, Kigali, aliyezaliwa baadaye naye ana haki ya kucheka.

Kenya ilishaonyesha njia kwa tamthilia ya Tahidi High ya Citizen TV: madarasa, sare, waigizaji chipukizi. Vichekesho vya mapenzi ya shuleni havidai fedha nyingi. Barua imekunjwa ndani ya daftari la hesabu, mwalimu ananyoosha mkono, darasa zima kimya. Tukio limekamilika!

Tamasha la filamu la Rwanda, Hillywood, lililoanza 2005, lilipeleka milimani skrini ya kujazwa upepo. Watazamaji wapo.