NGOZI YA MTOTO INAPOWASHA: TUNUNUE MAFUTA GANI?



Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapotanda juu ya milima ya Mbinga na upepo mkavu ukivuma mchana kutwa, wazazi wengi huona shida ile ile ikirudi. Mtoto mdogo, ambaye wakati wa mvua ngozi yake ilikuwa imetulia, huanza kujikuna. Mashavu hukauka na kukwaruza, mikunjo ya viwiko na ya magoti hufanya mabaka, na usiku nyumba nzima hailali. Mtoto analia, mama anamshika mikono asijichubue, na baba anaamka alfajiri kwenda shamba akiwa hajafumba jicho.

Ugonjwa huo ni ukurutu, na wananchi wengi huuita pumu ya ngozi. Jina hilo la pili si baya, kwa maana mara nyingi ukurutu huonekana katika familia zile zile zenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu hana haja ya kutengwa na wenzake, wala mama yake hana sababu ya kuona haya, kwani haukutokana na uchafu.

Hebu tumfikirie mzazi wa Matiri ambaye amepata fedha kidogo za mavuno na sasa amesimama mbele ya duka. Mbele yake yamepangwa makopo na chupa za kila rangi: mafuta ya mgando, losheni za watoto zenye harufu ya maua, mafuta ya nazi, na vikopo vidogo vya krimu ambavyo muuzaji anasema vinamaliza tatizo kwa siku tatu. Fedha aliyo nayo inatosha kitu kimoja tu. Achukue kipi? Swali hilo ndilo tutakalolijibu juma hili, maana anayekosea hapa hapotezi fedha tu, bali anaweza kumwongezea mtoto madhara.

KAZI YA MAFUTA

Kwanza tuelewe mafuta yanafanya kazi gani. Ngozi nzima ni kama ukuta wa matofali uliojengwa vizuri, ambao udongo wa kati umejaa na hakuna ufa. Ngozi ya mtoto mwenye ukurutu ni ukuta ambao udongo huo umepukutika. Maji ya mwilini hutoka nje kupitia nyufa na ngozi hukauka. Vumbi, sabuni na vijidudu huingia ndani kupitia nyufa hizo hizo, na mwili hujibu kwa kuvimba na kuwasha. Mtoto akijikuna, nyufa huzidi kupanuka, na muwasho nao huzidi.

Mafuta hayaondoi asili ya ugonjwa. Kazi yake ni kuziba nyufa hizo kwa muda, ili maji yabaki ndani na vichokozi vibaki nje. Na kwa kuwa mafuta hufutika kwa nguo, jasho na maji, hayana budi kurudiwa kila siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana imepona.

Je, yapo mafuta yanayoziba kuliko mengine yote? Huko Uingereza wataalamu waliwachunguza watoto 550 wenye ukurutu, wenye umri kuanzia miezi 6 hadi miaka 12, wakawagawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa losheni, jingine krimu, jingine jeli, na jingine marhamu nzito. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya wiki 16 hakuna aina iliyoishinda nyingine katika kutuliza ugonjwa. Kilichotofautiana ni mapendeleo tu: mtoto huyu alikubali hii, yule akaikataa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mafuta bora ni yale ambayo ngozi ya mtoto wako inayakubali, na ambayo mfuko wako unaweza kuyanunua kwa wingi na bila kukatika.

WINGI NI DAWA

Neno hilo la wingi tulitilie mkazo. Wataalamu wa Uingereza hushauri kwamba mtoto mwenye ukurutu apakwe mafuta kati ya gramu 250 na 500 kwa juma. Fanya hesabu mwenyewe. Hata ukichukua kiasi cha chini, yaani gramu 250, kikopo cha gramu 50 hakitamaliza siku mbili. Mzazi aliyenunua kikopo hicho kwa bei kubwa atafanya nini? Atakibania. Atachovya ncha ya kidole, atapaka doa moja na kukificha kikopo juu ya kabati kidumu mwezi mzima. Mtoto hatapata nafuu, na mzazi atadhani kwamba dawa haifai, kumbe hajawahi kuitumia.

Lakini mwenzake aliyenunua kopo kubwa la mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato wala rangi, anaweza kumpaka mtoto asubuhi, mchana na jioni bila kusitasita. Mtoto ambaye ugonjwa wake umeshika sehemu chache tu, kama mikunjo na mashavu, atatumia pungufu ya kiasi tulichotaja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kopo lile lisilo na picha wala ahadi ndilo mara nyingi lenye faida.

Sasa tuyapitie mafuta mengine. Mafuta safi ya nazi yana sifa njema. Uchunguzi wa watoto 117 huko Ufilipino, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kuunguzwa yaliwatuliza watoto wenye ukurutu kuliko mafuta mepesi yatokanayo na petroli. Hata hivyo yanunuliwe yakiwa mabichi, na yakishachacha yasipakwe tena.

Mafuta ya alizeti, zao ambalo hata mkoani Ruvuma linalimwa, nayo si ya kudharauliwa. Katika uchunguzi mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, watu wazima walipakwa mafuta ya alizeti na ya zeituni. Yale ya alizeti hayakuharibu ngozi. Yale ya zeituni yaliidhoofisha. Basi, mzazi asiumize kichwa kwa kuagiza mafuta ya zeituni kutoka mjini akidhani ughali ni ubora. Mafuta ya karanga nayo tuyaache jikoni, kwani kuyapaka juu ya ngozi iliyopasuka kunaweza kumfanya mtoto adhurike baadaye anapokula karanga.

Losheni zenye harufu nzuri pia tuziepuke. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyochokoza ngozi ya namna hii, na neno "mtoto" lililoandikwa juu ya chupa si ushahidi kwamba hayamo.

Mahali unapoishi pia pana neno lake. Wilaya ya Mbinga ina baridi ya milimani, lakini ukiteremka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, penye Mbamba Bay na Liuli, unakuta joto na jasho. Mafuta mazito yanayomfaa mtoto wa milimani wakati wa baridi huweza kumletea mtoto wa mwambao vipele vya joto. Huko ziwani mzazi aweza kutumia krimu au mafuta mepesi mchana, na mazito kidogo usiku kukiwa na ubaridi.

NAMNA YA KUPAKA

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika tano hadi kumi. Sabuni kali ya kufulia isiguse ngozi yake. Tumia sabuni laini isiyo na harufu, kidogo tu, mahali penye uchafu. Dodoki liwekwe kando. Ukimaliza, usimsugue kwa taulo, bali mkaushe kwa kumgusagusa kwa khanga laini, kisha mpake mafuta pale pale ngozi ikiwa bado na unyevu. Telezesha mkono kuelekea vinyweleo vinakolala. Chota mafuta kwa kijiko safi, maana vidole vikiingia kopo kila mara huingiza vijidudu.

Kabla ya kuanza mafuta mapya, paka sehemu ndogo ya ndani ya mkono wa mtoto kwa siku mbili tatu, uone kama yatamwasha. Mkate kucha. Na ikiwa baridi inadai sweta la sufu, mvalishe kwanza nguo ya pamba ndani, kwa maana sufu huchoma ngozi yenye ukurutu.

Hapa pana onyo ambalo wazazi wenye jiko la kuni hawana budi kulishika. Nguo na mashuka yaliyolowa mafuta, yawe ya mgando au mengine, hushika moto upesi, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu ya hatari hiyo. Mtoto aliyepakwa mafuta asikalishwe karibu na mafiga wala kibatari, na nguo zake zifuliwe mara kwa mara.

KRIMU ZA SIKU TATU

Turudi sasa kwenye kile kikopo kinachosemekana kumaliza tatizo kwa siku tatu. Nyingi za krimu hizo zina dawa za jamii ya steroidi, na baadhi ni kali mno, kama klobetasoli. Ni kweli kwamba muwasho hukoma haraka. Lakini zikitumiwa ovyo ngozi huwa nyembamba na kufanya michirizi, na kwa mtoto mdogo dawa hupenya hadi ndani ya mwili na kuweza kuzuia ukuaji wake. Ukiziacha, ugonjwa hurudi kwa ghadhabu. Krimu nyingine za kujichubua zina zebaki au haidrokwinoni, vitu ambavyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Krimu aliyoinunua shangazi kwa ajili ya uso wake kamwe isipakwe juu ya shavu la mtoto.

Hatusemi kwamba steroidi zote ni sumu. Haidrokotizoni, iliyoanza kuelezwa kuwa dawa ya ngozi mwaka 1952, ni steroidi hafifu yenye msaada mkubwa ngozi inapovimba, ila itumike kwa maelekezo ya mganga, mahali palipovimba tu, kwa siku alizosema. Kipimo chake ni rahisi: dawa iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

TUSIBAKI NYUMBANI

Yapo mambo ambayo mafuta hayayawezi. Ikiwa watu kadhaa nyumbani wanajikuna, hasa usiku na katikati ya vidole, huenda huo ni upele, nao hutibiwa kwa kuwapa dawa watu wote wa nyumba kwa pamoja. Ikiwa doa ni la duara, lenye ukingo ulioinuka, huenda ni choa. Ikiwa ngozi inatoa majimaji na kufanya magaga ya manjano, vijidudu vimeshaingia. Na ikiwa yametokea malengelenge mengi kwa mara moja pamoja na homa, usingoje kesho.

Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani wazi kama vitabu vya wageni vinavyoeleza. Tazama badala yake mahali palipokuwa peusi zaidi au rangi ya kijivu, palipokuwa pagumu, au penye vipele vidogo vidogo. Mweleze mganga hivyo.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wilaya ya Mbinga ina hospitali ya Litembo, mwambao una ile ya Liuli, na upande wa Songea ipo Peramiho. Kwa wale wenye matatizo mazito zaidi, pale KCMC mjini Moshi kipo tangu mwaka 1992 chuo cha magonjwa ya ngozi ambacho kimewafundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika.

Watoto wengi wenye ukurutu hupata nafuu kadiri wanavyokua, lakini katika miaka hiyo ya kungoja, ngozi yao ni amana mikononi mwetu. Basi, mzazi wa Matiri aliyesimama mbele ya duka achukue lile kopo kubwa lisilo na harufu, arudi nalo nyumbani, na lisifichwe juu ya kabati. Liwekwe karibu na beseni la kuogea, mahali ambapo mama, baba, bibi na dada mkubwa wote wataliona, na kila atakayemwogesha mtoto ampake. Likiisha mapema, hilo lisimsikitishe mtu, maana ndiyo dalili kwamba limefanya kazi yake.

Tukutane tena Jumapili ijayo.