Mtoto Asomaye Nyumbani Naye Apimwe



Ndugu waamini na wasomaji wetu wapendwa, juma lililopita alitujia ofisini mama mmoja wa parokia yetu akiwa amekumbatia madaftari manne yaliyofunikwa kwa karatasi za gazeti. Mwanawe ana ugonjwa wa selimundu. Alipokuwa shuleni, kila mwezi alikosa siku nyingi kwa maumivu, na alipofika Darasa la Tatu mama aliamua kumfundisha mwenyewe. Wanaishi katika chumba kimoja hapa Gerezani, ukutani kwa mafundi chuma. Asubuhi, kabla nyundo hazijaanza, husoma Kiswahili na Kiingereza. Mchana mama huuza katika duka la vipuri la shemeji yake, na kijana hufanya hesabu nyuma ya makasha ya fani belti. Tuliyafungua madaftari yale. Tulikuta sehemu, desimali, insha tatu juu ya bandari, na mchoro wa moyo wa binadamu ambao sisi wenyewe tusingeweza kuuchora vizuri hivyo.

Kijana ametimiza miaka 12. Mama alikwenda katika shule moja kuuliza namna ya kumwandikisha kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Akajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba watahiniwa huandikishwa na shule kutoka katika rejista yake, na jina la mtoto huyu halimo katika rejista yoyote. Aliyemjibu hakukosea, ndivyo utaratibu ulivyo. Lakini mama alipoketi mbele yetu aliuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: "Padre, kwani nimetenda kosa kumfundisha mwanangu?"

Kabla hatujajibu, hatuna budi kusimulia jambo la pili. Miezi michache iliyopita, tukitembelea jumuiya ndogo ndogo, tuliingia katika nyumba moja ya heshima, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Binti wa miaka kama 10 alituletea maji ya kunawa. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tukauliza, huyu hasomi? Mwenye nyumba akatujibu bila kusita: "Anasomea nyumbani, Padre." Tukaomba kuliona daftari lake. Halikuwapo. Binti aliletwa kutoka mkoani "akae na shangazi", na tangu afike alikuwa amejifunza kupika, kufua na kulea mtoto mchanga.

Basi, wapendwa, neno ni lile lile: anasomea nyumbani. Kwa mama wa kwanza lilikuwa ni kweli tupu, na kwa wa pili lilikuwa ni pazia. Atokaye nje, awe mwenyekiti wa mtaa, awe mwalimu, awe paroko, atazitofautishaje nyumba hizi mbili asipoingia na kuuliza? Ndiyo sababu tunathubutu kusema, japo tunajua baadhi yenu hamtapendezwa, kwamba mtoto afundishwaye nyumbani anastahili kupimwa na serikali, na mzazi mwema hana sababu ya kuogopa kipimo hicho.

Tunasema hivyo tukiwa wana wa Kanisa ambalo limefundisha daima kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa watoto wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilitamka hilo tarehe 28 Oktoba 1965 katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilirudia mwaka 1981 katika waraka wake juu ya familia. Na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 793, zimeliweka kuwa wajibu na haki. Haki hiyo haikutolewa na serikali, na kwa hiyo serikali haiwezi kuifuta. Wako waamini wanaoishia hapo, wakafunga kitabu. Lakini Tamko lile lile laendelea kusema kwamba dola inapaswa kuilinda haki ya mtoto ya kupata elimu itoshayo, kuangalia uwezo wa walimu, na kujali hata afya ya wanafunzi. Haki ya mzazi na haki ya mtoto zinakaa katika waraka mmoja. Hatuwezi kuichukua moja tukaiacha nyingine kama wachaguavyo nyanya sokoni Kariakoo.

Sheria ya nchi yetu imeliangalia jambo hili kwa upande mmoja tu. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, katika kifungu cha 35, inataka kila mtoto aliyefikia miaka 7 aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize, na inamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha hayo. Kwa wakati wake ilikuwa sheria njema mno. Tusisahau kwamba mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umeanza mwaka 1977, na wazazi wengi walihitaji kushurutishwa ili wamwachilie mtoto, hasa wa kike, ashike kalamu. Hivi sasa Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, inataka elimu ya lazima iwe miaka 10. Lakini kuandikishwa na kuhudhuria ni habari ya kiwiliwili cha mtoto: yuko darasani au hayuko. Kama anajua au hajui, hilo ni swali jingine.

Jirani zetu wa Kenya wamelifikisha suala hili mahakamani. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtishia mzazi asiyempeleka mtoto shule faini isiyozidi shilingi 100,000 za kwao, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka elimu ya nyumbani itambuliwe. Ujerumani nayo hairuhusu, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikuwaunga mkono wazazi Wakristo wa huko waliolalamika. Marekani, kinyume chake, majimbo yote 50 yanaruhusu, lakini kila moja kwa namna yake: New York inadai taarifa na tathmini ya kila mwaka, ilhali Texas haimtaki mzazi hata atoe taarifa kwamba ameanza. Sisi hatupendezwi na njia ya kumfunga baba jela kwa sababu amemfundisha mwanawe kusoma. Wala hatupendezwi na ile ya Texas, maana tumekwisha kumwona yule binti mwenye maji ya kunawa.

Yamkini mtu atasema kwamba mtoto aliye nyumbani hawezi kupimwa, kwani mtihani unahitaji darasa, msimamizi na bahasha yenye lakiri. Hapana. Kuanzia mwaka 2010 mpango uitwao Uwezo ulipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Tanzania, kama ulivyofanya Kenya na Uganda. Vijana wa kujitolea waliketi na watoto majumbani, wakawapa hadithi fupi na hesabu za kiwango cha Darasa la Pili, wakaandika nani aweza na nani hawezi. Hawakuuliza kwanza kama mtoto ana sare. Na walichokikuta kilitutia aibu sote: katika nchi hizo tatu, chini ya theluthi moja ya watoto wa Darasa la Tatu ndio walioyamudu masomo ya Darasa la Pili. Watoto hao walikuwa wameandikishwa na kuhudhuria, na sheria ilikuwa imetimizwa.

Tunalikumbuka pia fundisho la mwaka 2020. Tarehe 17 Machi serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa msingi hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni. Kwa miezi mitatu na zaidi, kila nyumba ya Dar es Salaam iligeuka shule, ipende isipende. Wazazi wachache walifanya maajabu. Wengine, na hatuwalaumu kwani chakula cha siku hutafutwa siku hiyo hiyo, waliwapa watoto beseni la karanga na mayai ya kuchemsha wakazunguke nayo Mtaa wa Kongo. Shule zilipofunguliwa, walimu walipokea watoto waliosonga mbele na watoto waliosahau hata kuandika, wakakaa dawati moja.

Ipo milango ambayo tayari serikali imeifungua, na ni haki kuitaja. Mtu ambaye hakupata sekondari anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na akifaulu akafanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, hatua chache tu kutoka kwetu, imewasaidia wengi katika njia hiyo, wakiwamo wanakwaya wetu wawili. Kwa walio wadogo upo MEMKWA, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 1999 kwa ajili ya watoto waliokosa shule, ambao huwapima na kuwarejesha katika mfumo. Na mzazi anayemficha ndani mtoto asiyeona, akidhani hakuna shule itakayompokea, na atembee mpaka Uhuru Mchanganyiko akaulize.

Tunachokiomba si kikubwa. Mzazi anayemfundisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kweli aandikishe jambo hilo kwa Afisa Elimu Kata. Mara moja au mbili kwa mwaka mtoto aketi na mwalimu asiyekuwa mzazi wake, asome, aandike, ahesabu, na aulizwe pia kama anakula na kama anacheza. Kisha aruhusiwe kuingia katika upimaji wa Darasa la Nne na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi katika shule iliyo jirani, kwa jina lake mwenyewe. Asiyejua, asaidiwe au arudishwe darasani. Yule binti angeonekana siku ya kwanza tu.

Wapo wazazi wacha Mungu watakaosema: tukiifungulia serikali mlango, kesho itatuamulia sala za nyumbani. Hofu hiyo tunaielewa. Kanisa letu liliona shule zake zikitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1969, na wazee wa parokia wangali wakisimulia. Hata hivyo, shule zetu za leo hupokea wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, na seminari zetu ndogo huwaketisha vijana katika mitihani ile ile ya Baraza la Mitihani. Sisi tuliopita huko hatukumbuki kwamba wito wetu ulipungua kwa sababu mkaguzi alikagua maabara. Tena nanyi mnajua vizuri: mtoto aliyefundishwa katekisimu na bibi yake nyumbani, hata bibi akiwa mcha Mungu kuliko paroko, bado huketi mbele ya katekista kabla ya Komunyo ya Kwanza. Hakuna bibi aliyewahi kutushtaki kwa Askofu kwa hilo. (Mmoja alinuna, lakini alirudi.)

Nasi twamtazama Yesu wa Nazareti, aliyelelewa na Maria na Yosefu katika nyumba ya seremala, karibu na randa na misumari. Luka anatuambia kwamba alipokuwa na miaka 12 walimkuta hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza, na wote wakistaajabia majibu yake. Maria alikuwa na uchungu wa siku tatu za kumtafuta. Hatusomi popote kwamba aliudhika kwa sababu walimu wa Yerusalemu walimsikia mwanawe.

Yule binti amekwisha kurudishwa kwa mama yake mzazi, baada ya mazungumzo marefu ambayo hatutayaandika hapa, na tumearifiwa kwamba ameandikishwa shuleni. Mama wa madaftari manne tulimjibu kwamba hakutenda kosa kumfundisha mwanawe, ila amekaa naye peke yake muda mrefu mno. Jumatatu, baada ya Misa ya asubuhi, tutaongozana naye na kijana mpaka ofisi ya Afisa Elimu Kata, tukaulize kama MEMKWA inaweza kumpokea na kumpima. Madaftari tumemwambia kijana ayabebe mwenyewe. Waamini wengine wenye mtoto wa namna hiyo nyumbani, tunaondoka saa mbili kamili kutoka mlango wa sakristia.