Gurudumu Huliwa Kimya Kimya

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mithali hiyo yafaa kuandikwa kwenye fremu ya kila baiskeli inayoendeshwa kaskazini mwa Ulaya wakati wa majira ya baridi kali, kwa kuwa huko ufa wenyewe hauonekani kwa urahisi. Mwenye baiskeli huona rangi inang'aa, huona tairi limejaa upepo, akadhani chombo chake ni kizima. Kumbe gurudumu linaliwa kila siku, tena linaliwa na mkono wake mwenyewe kila anaposhika breki.

Achukuliwe kwa mfano mlinzi wa zamu ya usiku katika mji mmojawapo wa kaskazini mwa Uingereza. Tangu Novemba hadi Machi hutoka nyumbani jua limekwisha kuzama, na hurudi kabla halijachomoza. Basi la kwanza la asubuhi halijaanza safari, na motokaa hana. Baiskeli ndiyo miguu yake. Njiani hukuta lami imelowa, pembeni kuna theluji chafu iliyochanganyika na mchanga, na kila njiapanda humlazimu apunguze mwendo. Akifika nyumbani huiegemeza baiskeli uani pamoja na matope yake, akaingia ndani kuota moto. Nani atamlaumu? Mwili umechoka, vidole vimekufa ganzi, na watoto wanamngoja. Lakini usiku mmoja kama huo, ukirudiwa kwa majira mawili au matatu, ndio unaozaa ajali.

CHUMVI NA KAZI YAKE

Maji safi huganda yakifikia sifuri katika kipimo cha Selsiasi. Yakitiwa chumvi hayagandi upesi. Chumvi ikikolea kabisa, huweza kubaki majimaji hata baridi ikikaribia nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa sababu hiyo serikali za miji hunyunyiza chumvi barabarani ili magari yasiteleze. Sehemu kubwa ya chumvi ya barabara za Uingereza huchimbwa Winsford, katika jimbo la Cheshire, kwenye mgodi uliofunguliwa mwaka 1844, zaidi ya meta 100 chini ya ardhi. Chumvi hiyo si nyeupe kama ya mezani. Ina rangi ya udongo, kwa sababu imechanganyika na vumbi la mfinyanzi na chembe za mawe.

Hapana ubishi kwamba chumvi hiyo huokoa maisha ya watu. Hata hivyo kwa baiskeli ni adui wa pande mbili. Kwanza, maji ya chumvi huharakisha kutu kwenye chuma na ukoga mweupe kwenye aluminiamu. Na pale ambapo madini hayo mawili yanagusana, ulaji huwa mkali zaidi. Pili, chembe za mawe huingia baina ya sehemu zinazosuguana, zikafanya kazi ya tupa.

RIMU NI SEHEMU YA BREKI

Watu wengi hudhani kwamba kinachochakaa katika breki ni zile raba peke yake. Kwa baiskeli inayobanwa rimu, hiyo ni nusu ya habari. Raba hubana kuta mbili za rimu, na kila mara zinapobana huondoa vumbi dogo la madini. Katika ukame kiasi hicho ni kidogo mno. Katika maji machafu ya baridi, mchanga hujichimbia ndani ya raba, na raba hugeuka kuwa msasa. Yule maji meusi yanayotiririka kwenye gurudumu baada ya safari ya mvua hayana matope peke yake. Ndani yake kuna rimu yenyewe iliyosagwa.

Ukuta wa rimu ya aluminiamu, ikiwa mpya, aghalabu huwa na unene wa karibu milimita 1.5. Ukipungua chini ya milimita 1, wakati wa kubadili umefika. Ni tofauti ndogo sana, lakini juu yake hukaa roho ya mtu. Hewa iliyomo katika tairi husukuma kuta hizo nje mchana na usiku, hata baiskeli ikiwa imesimama uani. Ukuta uliokonda hustahimili kwa muda, kisha siku moja hupasuka ghafla kwa mstari mrefu. Tairi hutoka mahali pake, tyubu hulipuka, na kipande cha chuma hukwama kwenye uma au kwenye breki. Likiwa ni gurudumu la mbele, mpandaji hurushwa juu ya usukani. Tena jambo hilo hupenda kutokea wakati breki imeshikwa kwa nguvu, yaani mteremkoni au mbele ya gari, mahali ambapo breki inahitajika zaidi.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Rimu nyingi za siku hizi zina mfereji mwembamba au tundu dogo kwenye njia ya breki. Alama hiyo ikifutika, rimu imekwisha. Ikiwa hakuna alama, mwenye baiskeli achukue rula au ukingo ulionyooka, auweke juu ya ukuta wa rimu na kutazama kwenye mwanga. Ukuta mzima husimama sawasawa na rula. Ukuta ulioliwa huwa umebonyea katikati kama sahani. Na breki ikigonga mahali pamoja kila gurudumu linapozunguka, hiyo ni ishara kwamba pengine ukuta umeanza kufunguka. Baiskeli hiyo isipandwe hata kufika kwa fundi, bali isukumwe kwa miguu.

SPOKI, GOLOLI NA CHENI

Baada ya rimu huja spoki. Baiskeli za kale za Kiingereza zilitengenezwa kwa spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba uzito mkubwa zaidi. Spoki haikatiki kwa kuvutwa mara moja. Hukatika kwa kukazwa na kulegezwa mara nyingi kila gurudumu linapozunguka, na aghalabu hukatikia kwenye kiwiko chake, pale inapoingia katika habu. Kutu ya chumvi huanzisha mkwaruzo mdogo hapo, na mkwaruzo huwa ufa. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba mzigo wake, nazo hufuata. Kuzichunguza hakuhitaji chombo: hupigwa kwa ukucha, moja baada ya moja. Za upande mmoja zapasa kutoa sauti inayokaribiana. Inayotoa sauti nzito imelegea.

Ndani ya habu kuna gololi na grisi. Maji ya chumvi yakipenya, grisi hugeuka rangi ya maziwa, nguvu yake ya kulainisha ikapotea, na gololi huanza kuchimba vishimo katika vikombe vyake. Gurudumu likiinuliwa na kuzungushwa, mkono uliowekwa kwenye fremu utasikia mkwaruzo. Likitikiswa kulia na kushoto na kucheza, koni zimelegea au zimeliwa. Grisi mpya ni rahisi. Habu mpya si rahisi.

Cheni nayo haivutiki kama mpira, ingawa watu husema imevutika. Pini zake husagika mahali zinapozunguka. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Rula ikiwekwa juu yake, na pini ya mwisho ikapita alama ya 12 kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikipita kwa sehemu moja ya nane, huenda meno ya gia yamekwisha kuharibika pia, na aliyekwepa kununua kitu kimoja atanunua vitatu.

Huko kaskazini zaidi lipo tatizo jingine. Mji wa Oulu nchini Finland uko karibu kilomita 200 kusini mwa mstari wa Aktiki, na wakazi wake hupanda baiskeli mwaka mzima. Mwaka 2013 mji huo ulikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la kimataifa juu ya baiskeli za majira ya baridi. Njia zake za baiskeli hushindiliwa theluji na kumwagiwa kokoto zilizopondwa. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, grisi ndani ya friwili huwa nzito, vikucha vyake vikashindwa kufunguka, na pedeli huzunguka bure bila kuvuta gurudumu. Maji yaliyoingia katika mirija ya waya za breki huganda. Ndiyo maana watu wa huko hutumia mafuta mepesi katika friwili.

FUNZO LA JESHI LA USWISI

Askari walilifahamu jambo hili mapema. Uswisi iliunda kikosi cha wapanda baiskeli mwaka 1891, na baiskeli yake mashuhuri ya mwaka 1905 ilitumika hadi ilipoanza kupokewa na nyingine mwaka 1993. Vikosi hivyo vilivunjwa mwaka 2003. Baiskeli ile ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 20 na gia moja tu, lakini breki yake ya nyuma ilifungiwa ndani ya habu, ikafanya kazi kwa kurudisha pedeli nyuma. Matope hayakuifikia, wala rimu haikusagwa nayo. Breki za namna hiyo zingali zikipendwa katika nchi za kaskazini, na anayenunua baiskeli ya kufanyia kazi katika mvua na theluji hufanya vyema kuitafuta yenye breki ya ndani au ya sahani. Sahani ikichakaa hubadilishwa peke yake, gurudumu hubaki.

KAZI YA DAKIKA KUMI

Yule mlinzi wa usiku hana haja ya karakana. Ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, brashi kuukuu na vitambaa viwili vyatosha. Maji yamwagwe taratibu. Mpira wa maji yenye nguvu usielekezwe kwenye habu, maana husukuma mchanga ndani. Rimu zifutwe hadi kitambaa kitoke safi. Raba za breki zitazamwe, na vijiwe na chembe za madini vilivyojichimbia humo ving'olewe kwa sindano. Cheni ikaushwe kwanza, kisha itiwe oili tone kwa tone na kufutwa juu, kwa sababu oili inayobaki nje hushika mchanga. Mara moja kwa mwezi rula iwekwe kwenye rimu na kwenye cheni. Madigadi marefu hupunguza nusu ya taabu hizo, kwa kuwa maji ya barabara hayapandi hadi kwenye cheni wala kwenye miguu ya mpandaji.

MATOPE YA MASIKA

Msomaji wa Afrika ya Mashariki anaweza kuuliza theluji inamhusu nini. Theluji yenyewe haimhusu, ila mchanga wamhusu sana. Barabara za udongo mwekundu wakati wa masika hutoa tope lenye chembe ngumu, nalo husaga kama lile la Ulaya. Mombasa na Unguja, upepo wa bahari huleta chumvi yake bila kutumwa na serikali ya mji. Na katika miteremko mirefu ya Rwanda na Burundi, ambako baiskeli hubebeshwa mikungu ya ndizi, breki hushikwa kwa muda mrefu kuliko mlinzi wa Uingereza anavyoweza kufikiri.

Baiskeli nyeusi za kale, zenye rimu za chuma na breki za vyuma badala ya waya, hazisagiki upesi. Ubaya wake ni kwamba rimu ya chuma ikilowa huteleza, na breki hukawia kushika. Hapana budi mpandaji aanze kubana mapema. Lakini baiskeli nyingi mpya zina rimu za aluminiamu na breki za waya. Hizo hushika vizuri zaidi katika mvua, na kwa sababu hiyo hiyo huliwa upesi zaidi. Aliyezoea rimu ya babu yake iliyodumu miaka 30 asidhani kwamba hii mpya itadumu hivyo.

Baiskeli ya nyumbani haimbebi mwenyewe peke yake. Jumatatu humbeba askari kwenda zamu, Jumanne humbeba mtoto kwenda shule, na usiku wa dharura humbeba mgonjwa kwenda zahanati. Yafaa basi Jumamosi moja kila mwezi baba na watoto wakae uani na ndoo, kitambaa na rula. Mtoto wa miaka kumi aweza kugonga spoki na kuisikia ile iliyolegea. Pengine ataisikia kabla ya baba yake. Ufa mwembamba huzibwa siku hiyo kwa dakika kumi na tone la oili. Ukiachwa, hungoja mteremko.