Msufi Usidharauliwe

Wako watu wa Songea wasemao ya kuwa msufi ni mti wa bure. Mbao zake ni laini, huliwa upesi na wadudu; kuni zake hazina moto; tena shina lake changa lina miiba. Basi huukata bila kufikiri. Neno hilo lina kweli, lakini si kweli yote.

Thamani ya msufi haimo katika shina, imo katika tunda. Wakati wa kiangazi, majani yakiisha kupukutika, mti huchanua, na usiku popo huja kunywa maji matamu ya maua na kuchukua chavua toka ua hata ua. Matunda yakikauka hupasuka, na ndani mna sufi nyepesi yenye kung'aa. Nyuzi zake ni fupi, tena zateleza, kwa hiyo hazisokotwi vizuri kama pamba. Lakini kila uzi una uwazi ndani uliojaa hewa, na juu yake una nta, hata maji hayaingii kwa urahisi. Ndiyo sababu sufi yafaa kwa mito na magodoro, na zamani ilitiwa katika majaketi ya kuokolea mabaharia.

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sufi nyingi ilitoka kisiwa cha Java. Mwaka 1942 Wajapani walikitwaa kisiwa hicho, na Marekani ikapungukiwa na sufi. Mwaka 1944 watoto wa shule wa huko walitumwa kukusanya nyuzi za magugu ya porini, zitumike badala yake. Kitu kilichodharauliwa hujulikana thamani yake siku kinapokosekana.

Wengine husema, "Msufi wa kwetu hauzai." Pengine ni kweli, lakini kosa si la mti. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na usiku wa kiangazi una baridi. Joto la usiku likipungua chini ya digrii 20, maua ya msufi hayashiki matunda vema. Basi apandaye milimani asitazamie magunia ya sufi. Misufi na ipandwe katika mabonde ya joto, na kandokando ya Ziwa Nyasa.

Nayo misufi izaayo isikatwe. Mwenye nyumba asiye na fedha za godoro la dukani aweza kuokota sufi, kuitoa mbegu, na kuwashonea watoto wake mito, mradi aiweke mbali na moto, maana huwaka upesi. Mbegu nazo zina mafuta yafaayo kwa sabuni.

Mti haufai kwa kila kazi, wala kwa kila mahali. Mwenye busara hutafuta kwanza kazi yake na mahali pake, ndipo ashike jembe au shoka.